Fundi Pancha Atoboa Matairi

Fundi pancha alikuwa na chumba kimoja, mke mmoja na lundo la matairi makuukuu. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea mlangoni, mguu kwenye pedali, lundo likiwa nyuma yake. Mchana kutwa alijipiga makofi miguuni.

"Mbu wako hawana adabu. Wanauma jua likiwaka!"

"Wamekuona mtamu, mke wangu."

"Na hivi vidudu vinavyocheza kwenye maji ya matairi?"

"Hao samaki wangu. Nafuga."

Wakacheka.

Kisha cherehani ikanyamaza. Mke alishikwa na homa kali. Kichwa kilimgonga nyuma ya macho. Viungo vilimuuma kama aliyepigwa rungu.

"Malaria tu hiyo," alisema mume. Hakumpeleka kupimwa. Alinunua dawa ya malaria dukani, na aspirini ya maumivu. Homa haikusikia dawa.

Asubuhi moja akamgusa paji la uso. Limepoa! Akakimbia kumwita jirani yao, muuguzi.

"Shemeji, homa imeshuka! Dada yako amepona!"

Muuguzi aliingia, hakutabasamu. Mgonjwa alikuwa amejikunja, ameshika tumbo. Alitapika tena na tena. Fizi zilitoka damu.

"Hajapona, shemeji. Homa ikishuka na dalili hizi zikaja, hapo ndipo hatari inapoanza. Umempa nini?"

"Aspirini."

"Mungu wangu! Hiyo inazidisha kutoka damu. Mbebe, twende hospitali sasa hivi."

Walimpima. Malaria hakuna.

"Ni homa ya dengi," alisema muuguzi. "Wengine huiita kidingapopo."

Siku nyingine fundi angelicheka jina hilo.

"Niambie dawa yake. Nitauza hata pampu."

"Hakuna dawa ya kuua kirusi chake. Tunamtundikia maji na kumwangalia. Mengine tusubiri."

Walisubiri. Mke alimtazama mumewe, hakumtambua. Fundi alikaa kwenye benchi, mikono bado myeusi kwa mpira. Ametia viraka matairi ya mtaa mzima. Mkewe anavuja damu, na kiraka hana.

"Lakini tulilala kwenye chandarua!" alilia.

"Mbu wa dengi huuma mchana, shemeji. Hutaga kwenye maji yaliyotuama. Wale samaki wako ni viluwiluwi. Ni watoto wa mbu."

Fundi aliinamisha kichwa.

Alirudi nyumbani, akamwaga maji ya kila tairi. Akashika patasi na nyundo, akaanza kutoboa.

"Fundi, umerukwa na akili?" jirani mwingine alimpigia kelele. "Kazi yako si kuziba?"

"Natoboa maji yasikae," alisema. Machozi yalimtoka, nyundo haikusimama. Tairi la mwisho lilipoisha, alifunika pipa la maji ya kunywa, akarudi kwenye benchi.

Mke aliepuka mauti kwa kudra ya Mungu. Alirudi amekonda, nguo zinamning'inia. Kwa muda mrefu mguu wake haukuweza kusukuma pedali. Kimya cha cherehani kilimtafuna mumewe. Mtaani akawa mkali: mwenye homa apimwe kwanza, maumivu ni parasetamoli tu, aspirini asiiguse.

Mvua zikanyesha, zikaisha. Mchana mmoja, fundi akiwa amepiga magoti kwenye gurudumu, alisikia pedali. Taratibu. Ikasimama. Ikaanza tena.

Mke alikuwa mlangoni. Miguu yake ilikuwa wazi, na hakuna mbu aliyeiuma.

"Samaki wako wako wapi?" aliuliza.

"Nimewatobolea bwawa, mke wangu."