Mwalimu Aliyeitwa kwa Unga wa Ulezi

Hebu niambie, wewe unayejifanya huogopi kitu: chaki inanukaje ndani ya nyumba isiyo na chaki?

Harufu hiyo ilianza nyumbani kwa Bibi Walburga, kule Ruhuwiko, Songea, mchana wa Jumamosi jua likiwaka. Mjukuu wake Anjelika akainamia hesabu zake, asionekane uso. Alijua imetoka wapi.

Mtihani wa Form Six ulikuwa mlangoni. Shule haikuwa na mtu wa Advanced Maths tangu Mwalimu Pankrasi apunguzwe kazi, kisha afe kwa homa akingoja nauli ya kurudi kwao Bukoba, azikwe hapahapa. Soko huria lilileta mitumba, redio na biskuti za Dubai. Mwalimu wa calculus halikuleta. "Jisomeeni," mkuu wa shule akawaambia. Thubutu. Integral moja ilimla Anjelika wiki nzima, na kwenye inverse function kitabu kilikuwa kinampigia mbuzi gitaa, mbuzi mwenyewe ni yeye. Akifeli, anarudi kijijini Mpitimbi kupalilia tumbaku ya mjomba, basi.

Ndipo yeye na Kajetani, mwanafunzi mwenzake, wakaiba unga wa ulezi wa bibi, wakaumwaga juu ya kaburi la mwalimu, kama walivyoona wazee wakiwaita waliotangulia. Wakamwomba aje awafundishe.

Akaja.

"Umesikia?" Kajetani, aliyekuja kusoma naye, alinong'ona. "Kama mtu yuko ubaoni."

"Nyamaza. Si wewe uliyetaka tuition ya bure?"

Kwenye mlango wa jikoni chaki iligonga, tk, tk, maandishi meupe yakajiandika yenyewe, na sauti yenye kile kikohozi chake ikasema, "Let u equal sine x. Anjelika, endelea."

Akaendelea. Kwa mara ya kwanza integral ikapasuka kama ganda la karanga, akacheka peke yake, akafanya nyingine, na nyingine, hadi alipotaka kuweka kalamu anywe maji vidole vikakataa, karatasi ikaisha kalamu ikahamia mezani, meza ikajaa ikahamia pajani mwake, na kila alipovuta mkono ulivutwa na kiganja baridi chenye vumbi ambacho macho hayakukiona, huku Kajetani analia bila sauti, naye anaandika, na nje jirani anatwanga mahindi kana kwamba dunia ni nzima.

Bibi akaingia na mboga zake. Akautazama mlango.

"Mmemwita nani?"

"Mwalimu, bibi."

"Kwa unga wangu. Na maneno ya kumrudisha, mliyasema?"

Hawakuyajua. Maneno ya kuita, wazee huyapaza. Ya kurudisha huyasema wameinama, midomo karibu na udongo, na aliyesimama mbali hayasikii.

Bibi akapiga magoti mbele ya mlango na bakuli la maji. "Mwalimu, watoto wamekosa. Nenda kapumzike, baba."

Chaki ikasita. "Niende wapi, mama?" sauti ikauliza, kwa adabu kabisa.

Bibi alikaa chini kama gunia. "Angekuwa wetu ningemrudisha. Huyu anarudishwa na ukoo wake, kwenye udongo wa kwao. Sisi hapa hatumuwezi."

Kajetani wazazi wake wamemchukua; wanasema ni malaria. Anjelika amefungwa mkono wa kulia kwa kanga kwenye kitanda, maana ukifunguliwa unaandika mpaka damu. Mtihani umempita. Ukimsogelea unasikia sauti isiyo yake: "Tulieni. Topic bado." Na tangu jana vidole vya mkono wa kushoto vimeanza kuchezacheza.

Sasa nyie wa ofisi iliyompanga Pankrasi kuja Songea, kisha ikamtupa kama kipande cha chaki: msitutumie circular. Mlimleta kwa gari la serikali. Leteni gari hilohilo, mfukueni, mpelekeni kwao Bukoba ndugu zake wamzike. Halafu tuleteeni mwalimu anayepumua. Wapo, wamejaa vijiweni na digrii zao mfukoni.