Nukta ya Kijani ya Boga

Ujumbe uliingia Kahaso akiwa na kiazi karai mdomoni.

"Njoo Galu upesi. Seva ina hitilafu. Njoo peke yako."

Ulitoka kwa Boga, fundi wa mtambo uliounganisha majasusi wote wa pwani ya kusini. Pembeni ya jina lake nukta ilikuwa ya kijani: yupo, yuko tayari kuzungumza.

Kahaso aliacha kutafuna.

Msikiti wa Mwabungo ulikuwa unamalizia adhana ya Ijumaa, na wanaume walipita mbiombio na kanzu zao. Miaka yote aliyofanya kazi na Boga, nukta ya mtu huyo haikupata kuwa kijani wakati huu. Kila Ijumaa iligeuka manjano, na chini yake maneno yale yale: Niko msikitini. Dunia ingoje. Wakubwa walimkemea, akawaitikia kwa adabu zote, na Ijumaa iliyofuata dunia ikangoja tena.

Aligusa redio ya sikioni, ile ya kizamani isiyopitia kwenye seva.

"Mzee Onesmus, Boga yuko kijani."

Onesmus, mkuu wao, alikuwa ofisini Matuga. "Si ndio vizuri? Yuko kazini."

"Leo ni Ijumaa, Mzee."

"Labda swala imempita."

"Boga? Alifunga Ramadhani nzima na risasi begani."

Jicho la Kahaso likatua kwenye jina la Ziro. Jasusi mwenzao huyo alikuwa kijijini Jego, amejificha kwenye mikoko akiwavizia wavusha bunduki. Nukta yake ilikuwa kijani.

Ikawa kijivu.

Ziro hazimi simu akiwa kazini. Ziro amezimwa.

"Wameishika seva, Mzee. Wanatuona sote, kila mtu na alipo. Wanatufuata mmoja mmoja."

"Niwaamuru wenzako wazime simu?"

"Wakizima, jamaa watajua tumeshtuka, watammaliza Boga. Waziache simu zikiwaka hapo hapo. Wao wakimbie."

Aliandika: "Nala kidogo, naja." Kisha akaificha simu chini ya kapu la muuza viazi.

"Mama Mangi, nitunzie hii. Usiizime hata ikilia."

"Haya, mwanangu. Na viazi vyako?"

"Navyo pia."

Pikipiki yake ya Boxer ilinguruma kuelekea Galu.

Seva ilifichwa nyuma ya duka la vifaa vya kuzamia. Mlangoni alikaa Hesbon, mlinzi aliyeajiriwa juzijuzi, Kalashnikov mapajani, tableti mkononi. Alikuwa anacheka.

"Boss, huyu dame bado anamanga viazi Mwabungo!"

Kahaso alikuwa nyuma yake, ameuruka ukuta wa upande wa ufuo.

Alimshushia mtungi wa hewa utosini. Fuvu lilipasuka. Hesbon alilala kifudifudi juu ya tableti yake, akimaliza zamu.

Ndani, Quincy aligeuka. Tangu Krismasi mgeni huyu alijifanya mtalii wa kuzamia, akilipa vizuri na kuuliza maswali mengi. Risasi yake ya kwanza ilimchana Kahaso bega. Ya pili iliipiga Glock, bastola aliyoishika Kahaso, ikaruka mvunguni mwa kabati. Kahaso alijitupa nyuma, akajigonga kwenye ukuta wa duka, na vidole vyake vikakutana na bunduki ya mshale wa samaki.

Aliifyatua.

Mshale uliingia kooni na kutokea kisogoni. Quincy alirudi nyuma, akaanguka, akaupapasa kwa mikono miwili, akatulia.

Boga alikuwa amefungwa kitini, shati limelowa damu. Kidole chake cha shahada kilikuwa juu ya meza, karibu na kibodi. Walikihitaji kufungulia mtambo. Kahaso alikitazama akashikwa na hasira hadi akatamani Quincy afufuke amuue tena.

Alimkata kamba, akamfunga mkono kwa kitambaa chake cha kichwani.

"Waliniuliza neno la siri, nikawapa," Boga alisema. "Wakataka kidole, wakakichukua. Hakuna aliyeniuliza leo siku gani."

Kwa mkono wa kushoto aliwatoa wenzake Quincy kwenye udhibiti wa seva. Lakini simu zao hakuzikata. Ili watazame, walilazimika kujiunga, na aliyejiunga huonekana naye.

Nukta ngeni zilijipanga kwenye skrini. Zote kijani. Zote Jego.

"Mzee, wako kwenye ghala la nazi, kaskazini ya mikoko," Kahaso alisema redioni.

"Vijana wako njiani."

Milio ya risasi ilifuata masikioni mwake, mingi, kisha michache. Nukta zikawa kijivu moja baada ya nyingine. Kahaso alizitazama zote hadi ya mwisho.

"Bunduki tumezikamata," Onesmus alisema. "Na mwili wa Ziro tumeuona. Pole, Kahaso. Boga amfute kwenye seva?"

Kahaso alipomuuliza, Boga alitikisa kichwa, macho yamejaa machozi. "Asifutwe. Abaki hapo hapo na sisi."

Kisha akanyanyuka kwa tabu kwenda kutia udhu.

"Hospitali kwanza, kaka!"

"Ijumaa imenipita, dadangu. Adhuhuri haitanipita."

Nukta yake ikageuka manjano.

"Boga yuko wapi? Namtaka sasa hivi!" Onesmus alifoka.

"Anaswali, Mzee. Dunia ingoje."

Kahaso alimngoja Boga, akamfikisha Msambweni mikononi mwa madaktari, ndipo akarudi Mwabungo. Mama Mangi alimpa simu na viazi, akalitazama bega lake. Kahaso aliigeuza nukta yake nyekundu, asisumbuliwe. Akapanda Boxer, akashika njia ya Jego kwenda kumchukua Ziro.