Kimya Anataka Giza

"Zima ile taa!"

"Nikizima, utaamka tena kulia: Kalumba, nyoka eko wapi?"

"Basi mutoe!"

"Nimutupe wapi? Mu barabara, bamupige na pelle?"

"We ulioa nani humu? Mi ao nyoka?"

Mado alikuwa anasimama ku mulango, mikono ku kiuno. Bwana yake Kalumba alikuwa chini, karibu na kisanduku ya kioo. Mu kisanduku mulikuwa Kimya. Juu yake, ampoule moya ya rouge, balbu nyekundu, ilikuwa inawaka.

Kimya ni nyoka mudogo, rangi ya kahawa. Kalumba alimukuta mu shimo, kule anachimbaka madini ku Musonoi. Benzake balishaanza kunyanyua bapelle za kuchimbia udongo, bamuue. Ye alivua shati, akamufunika, akamuleta ku nyumba. Mado alikubali, lakini na sharti: akiamka usiku, saa yoyote, aone nyoka eko mahali yake.

Njo pale shida ilianza.

Kalumba alitundika lampe yake ya kichwa juu ya kisanduku, ile anaingiaka nayo mu shimo. Creuseur, muchimbaji kama ye, anajua kitu moya: chini kule, lampe ikizimika, uko mufu. Alifikiri nyoka naye ni vile. Basi lampe ikawaka usiku muzima, kila usiku. Kimya akaanza kusugua pua ku kioo mpaka ikatoka damu. Akaacha kula.

Mwenzake wa kazi akamuambia: "Tia ampoule ya rouge. Nyoka haonake rouge." Akatia. Kimya hakukula. Na sasa dirisha ilikuwa inawaka rouge kila magaribi. Jirani bakipita, banasemezana: "Umeona? Kalumba anafuga nyoka ya utajiri, ya kumuletea feza." Mama Adolphine, mwenye parcelle na nyumba banapanga, akasikia. Akakuya mbio.

"Batoto, mi sitaki mambo ya buloji na uchawi kwangu. Dimanche, siku ya misa, nyoka atoke. Ao mutoke naye."

Mado alikuwa anaogopa nyoka, ni kweli. Lakini aliona bwana yake naye anaacha bukari, ugali yake, mu sahani. Ye mwenyewe akaenda kumuita Glodie, docteur wa banyama, mwenye anatunzaka mbuzi ya Mama Adolphine.

Glodie aliinama, akaangalia Kimya muda murefu.

"Huyu hana sumu," akasema. "Ni wale banakula panya. Lakini we, Kalumba, siku ulimushika, ulijua hana sumu?"

"Hapana."

"Unaona? Ni chance tu, bahati. Usirudilie hata siku moya."

"Ndiyo, docteur. Sasa juu ya nini hakule?"

"Kazi yako unafanyaka saa gani?"

"Muchana."

"Ye yake ni usiku. Anatembeaka mu giza, anakula mu giza. Ukiwasha taa usiku muzima, kwake muchana hauishi. Anajificha, hakule, anatafuta kutoka. Njo ile pua."

"Lakini hii ni rouge! Haone!"

"Ni nani alikuambia? We umeingia mu macho yake? Taa ya rouge pia inaweza kumusumbua. Na tia mukono hapa juu."

Kalumba akatia, akautoa mbio. "Moto!"

"Ampoule karibu vile itamuchoma."

Mado alikuwa bado ku mulango. "Docteur, mi nitalala namna gani? Nisipomuona, silale."

"Mama Mado, taa haizuie nyoka kutoka. Hii kifuniko mulifunga na nini?"

Kifuniko ilikuwa inashikwa na tofali moya.

Glodie akacheka mpaka akakaa chini. "Munawasha taa usiku muzima, na mulango munafunga na tofali!"

Kisha akabaonyesha. Muchana, mwanga ya dirisha inatosha, lakini jua isipige kioo. Usiku, giza kabisa. Mukitaka kumuangalia, chukueni taa ndogo yenye nguvu kidogo. Muigeuze ku ukuta, isimupige mu macho. Muangalie kidogo, muzime.

Kalumba akatoa ampoule ya rouge. Akafunika lampe yake na karatasi ya sukari, mwanga ikapunguka. Akatoboa matundu madogo ya hewa mu kifuniko, akafunga na kadena. Ufunguo akamupa Mado.

Mado akalala. Nyoka naye akapumzika.

Dimanche magaribi, baada ya misa, Mama Adolphine akafika. Hakuona rouge ku dirisha.

"Alishatoka?"

"Eko. Ingia, mama," Mado akasema.

Kalumba akawasha lampe, akaigeuza ku ukuta. Balingoja. Kimya akatoka pole pole chini ya kipande ya muti. Pua ilishaanza kupona. Akafika ku panya mufu, ile Kalumba alimutilia, akafungua kinywa, akaanza kumeza.

"Yesu!" Mama Adolphine akashika mukono ya Mado. Lakini hakukimbia. "Ni hii tu? Hakuna feza?"

"Mama, kama angeleta feza, ningelala mu nyumba yako yenye kuvuja?" Kalumba akasema.

Mama Adolphine akamupiga ku bega, akacheka. "Mupumbavu, we! Akae. Lakini kadena isitoke. Na mi nataka kuona mpaka mukia ya panya iingie!"

"Hapana, mama," Mado akasema. "Mumeona, inatosha. Muache ale mu giza yake."

Akazima lampe ye mwenyewe, akatia ufunguo mu kitenge, akageuka, akaenda kulala.