Sindano na Kiapo cha Baba

Foleni ilijaa ukumbi mzima wa chuo, na Kiherehere, kama wenzake darasani walivyomwita, alijipenyeza akidhani wanagawa vitambulisho. Alipofika mbele, loh! Meza, pamba, sindano, na kijana wa uuguzi ndani ya koti jeupe lililopigwa pasi likakubali.

"Kunja mkono wa gauni, mrembo. Ni chanjo tu."

"Mkono wangu si mto wa kuchomekea sindano!"

Kijana alicheka mpaka foleni ikageuka. Binti akaondoka bila kuchanjwa, na wanafunzi wengine, waliokuwa wakitafuta sababu ya kukwepa, wakatoka naye. Jioni kijana akaitafuta namba yake, na mapenzi yakaanzia hapo.

Tatizo lilikuwa kiapo. Mama yake Kiherehere alichomwa sindano asubuhi, jioni akafa, na baba akamwapisha binti: ukichanjwa, mimi si baba yako. Ugonjwa ndio uliomuua mama, hilo alilijua. Lakini nani amwambie mzee? Kwa hiyo mpenzi alipouliza, "Hatimaye ulichanjwa, laazizi?" akajibu haraka, "Zamani!"

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili akapelekwa ukweni, gauni la bluu, viatu vya kuazima vikimbana. Mama mkwe, mgonjwa wa figo ambaye hata mafua yangemmaliza, akafungua mikono.

"Njoo nikukumbatie, mwanangu."

Akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango. "Usinisogelee, mama. Sijachanjwa. Nilidanganya."

Mpenzi alimsindikiza hadi barabarani, akageuka kurudi ndani. Baadaye binti alimpigia, akampigia tena, simu haikupokelewa. Alilia macho yakavimba. Amchague nani, jamani?

Siku ya mwisho ya chanjo akasimama mbele ya meza ileile.

"Umekuja kunibembeleza?" kijana akauliza, hamtazami.

"Nimekuja kuchanjwa. Kama umenuna, nuna tu."

Akakunja mkono wa gauni. Pamba baridi ilikuwa inapita begani simu ilipoita. Baba.

"Usipokee," kijana akanong'ona.

"Nimechoka kudanganya. Wewe choma." Akapokea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uko wapi, mbona makelele?"

Sindano ikaingia. "Nachanjwa, baba."

Alisikia mzee anavyopumua kwa shida. Kisha simu ikakatwa.

Machozi yakamtoka palepale, mbele za watu. Kijana akambandikia pamba, hakuuachia mkono.

"Atapiga tena, mpenzi."

"Humjui baba yangu."

"Basi nipeleke nikamjue."