Mahari ya Shujaa wa Sufuria

Kitendawili, mjukuu wangu: hana mdomo, lakini ukimfungua anakusimulia kutwa nzima. Umeshindwa? Nipe mji basi. Ni kitabu.

Miaka ile ya tisini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikiwa bado changa, kitabu kimoja kilikuwa cha watoto wote. Jumamosi, wakishachota maji, walijibanza kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, Akai, mtoto wa wenyeji wa pale, akawasomea. Kilikuwa cha Kiingereza, cha kwanza katika mfululizo mrefu wa vichekesho. Humo nchi nzima ni mchezo: dadu ikirushwa, watu wanahama. Shujaa wake alivaa sufuria kichwani, na kila dadu ilimrudisha kwa zimwi lilelile. Akai alikigeuza Kiswahili papo hapo, wenzake wakashika mbavu kwa kicheko.

Ila Kiingereza nacho kina milima yake. Akai akishindwa na ukurasa aliuruka, akatunga wake. Mwishowe zimwi likamdai shujaa ngamia wa mahari ili amwoe binti yake.

"Kwani hawa wa kitabuni wanajua mahari?" akauliza rafiki yake Nyachuol, msichana wa kambini. "Hayo yameandikwa, Akai, ama unatupikia?"

Akai alifunua ukurasa, akapaza sauti kana kwamba hakusikia.

Jumatatu Mwalimu Lokol aliingia darasani akitabasamu. "Kitabu cha pili kiko kwangu Lodwar. Nitakileta. Kwanza nani ataniambia cha kwanza kiliishaje?"

Nyachuol aliruka juu, akaeleza mahari yote, ngamia kwa ngamia. Mwalimu akakunja uso.

"Mahari? Mimi nimekisoma, sikuyaona. Unanidanganya, Nyachuol?"

"Muongo huyo," wakanong'ona wa nyuma, wakicheka. Nyachuol akainamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Akai akasimama.

"Mwalimu, hajadanganya. Maneno yalinishinda, nikaona haya kuuliza, nikatunga. Yeye aliniuliza kama yameandikwa, nikajifanya sikusikia."

Mwalimu Lokol akamsogelea.

"Kutunga ni kipawa, Akai. Kosa ni kuwauzia wenzako chako kwa jina la mwingine, hadi mmoja akaitwa muongo kwa ajili yako. Neno likikushinda, uliza. Kuuliza si ujinga. Kitabu cha pili nitakileta, na kamusi juu yake. Lakini aliyekuuliza si mimi."

Akai akamgeukia rafiki yake.

"Hayakuandikwa, Nyachuol. Niliyapika mimi."