Kadre Kwanza

Kila siku ya soko Placide aliamka mapema, akafunga gunia la ndagala, samaki wadogo waliokaushwa, nyuma ya baiskeli, akatoka mjini Baraka kupanda milima ya Fizi. Alirudi na maharage na muhogo. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake.

Baiskeli ilikuwa ya mlimani, yenye vitesi vingi vya gia. Aliachiwa na kaka yake Casimir, aliyefariki. Sasa ilikuwa imechoka. Kwenye mpando shene, mnyororo wake, iliruka. Kwenye mteremko freni hazikushika, naye aliburuta miguu chini.

Mkewe Godelieve, mama wa mtoto wao Merveille, aliona viatu vyake vilivyolika.

"Baba Merveille, tafuta velo ingine."

"Hii ni ya Casimir. Nitaitia tu vyombo vipya, itakuwa mupya."

"Na kama haiwezi kupona?"

Placide akahesabu fedha zao. Akiba yao ilitosha jambo moja tu: vyombo vipya, yaani vipuri, au baiskeli nyingine.

Asubuhi aliipeleka kwa jirani yao Gentille, mama aliyetengeneza baiskeli mbele ya nyumba yake.

"Mama Gentille, unibadilishie shene, vitesi na freni."

"Ngoja kwanza, papa. Mbele ya kununua chombo, tuangalie kadre, hiki kiunzi chenye kinabeba vyote. Vingine vyote vinabadilishwa. Kadre ndiyo mufupa wa mugongo."

Alifuta matope kwa kitambaa chenye maji. Akapitisha ukucha polepole kwenye maungio. Chini ya kiti, ukucha ukakwama.

"Gusa hapa."

Placide akahisi mstari mwembamba kama unywele.

"Ni rangi tu imepasuka."

Gentille akakandamiza kiti. Mstari ukafunguka kama mdomo.

"Tuiunganishe na moto?" Placide akauliza.

"Hii ni aliminyumu. Kuiunganisha vizuri inaomba mashini yenye hatuna hapa. Itavunjika wakati uko kwenye mteremko na muzigo. Kadre ingekuwa nzima, ningekukataza kununua velo. Tungebadilisha shene na meno yake, na freni, basi. Lakini vyombo vipya kwenye kadre yenye ufa, ni kuezeka nyumba yenye kuta zinaanguka."

Placide akakaa chini.

"Ilikuwa ya kaka yangu."

"Najua. Lakini Casimir mwenyewe angekuacha uipande?"

Placide akatikisa kichwa kukataa.

Walikwenda sokoni pamoja. Placide alivutiwa na baiskeli moja iliyong'aa. Gentille akatikisa magurudumu yake, yakalegalega. Wakachagua nyingine ya chuma, yenye vitesi vichache na kadre nene. Kiti cha Casimir kilikuwa bado kizima. Gentille akakihamishia huko.

Siku moja ya mvua, Placide akishuka na mzigo wa muhogo, mbuzi alikatiza barabara. Akabana freni. Baiskeli ikasimama, miguu yake ikiwa bado kwenye pedali. Mbuzi akaenda zake.

Baadaye mchuuzi mmoja alikuja kutaka kadre ya zamani.

"Nitaipaka rangi, nitaiuzisha. Nani atajua?"

Placide alihitaji fedha. Hata hivyo akakataa.

"Rangi itafunika ufa, haitaushika. Ule mwenye ataipanda, naye iko na ndugu yake."

Godelieve akaisimamisha kadre ile shambani, nyuma ya nyumba. Mvua zilipokolea, maharage yakaipanda mpaka juu, yakatoa maua.