Rilei Ambayo Haikufungwa

Wewe unaujua mlio wa rilei ya taa za gari, kile kidude kinachobeba umeme badala ya swichi? Tik, kama mtu anayegonga ulimi gizani. Rafiki yangu Isihaka, fundi umeme wa magari pale Korogwe, aliupenda sana, mpaka mwaka ule wa kuhamishia watu vijiji vya Ujamaa.

Mkuu mmoja wa operesheni hiyo alimletea lori alifungie taa mbili za ziada.

"Mzee, bila rilei swichi itabeba moto wote. Itaungua."

"Nonsense! Rilei ni luxury. Unga direct, watu wa Kang'ata wanahamishwa leo."

Isihaka akaunga moja kwa moja. Usiku ule mteremkoni taa zikazimika, lori likapinduka, bibi Mwaija, mmoja wa waliohamishwa, akafia chini ya vyombo vyake. Akafungwa jela dereva wa lori, Mhina, mtu wa swala tano, eti mlevi.

Lori likarudishwa gereji, betri imetolewa. Alasiri moja ya mvua Isihaka alijifungia humo aing'oe swichi iliyoungua kabla haijaonekana. Alipoigusa, nyuma ya dashibodi kukasikika: tik. Akachungulia kwa tochi. Waya zake tu, zilezile; rilei hakuna.

Siku hizi tik hiyo inalia hata asipoigusa swichi. Nyie wakubwa, mtoeni Mhina jela, kisha mje hapa mtuambie nani anawasha!